Heri ya Krismasi, na kuni zenu ziwe kavu

Ndugu zetu wasomaji, popote mlipo, Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya mwema. Salamu za mwaka huu zinapitia New Mexico, kusini-magharibi mwa Marekani, ambako Desemba inanukia moshi wa piñon, msonobari mfupi wenye utomvu mwingi na mbegu ndogo zinazotafunwa kama karanga.

Huko sikukuu huanza tarehe 16 Desemba, usiku wa kwanza wa Posadas. Kwa usiku tisa watu hupita mlango hadi mlango wakiigiza Yosefu na Maria wakitafuta pa kulala. Walio nje huimba wakipiga hodi, walio ndani huimba wakiwakatalia, mpaka mlango wa mwisho unapofunguliwa, watu wakaingia kula. Kando ya njia nzima huwashwa moto. Kaskazini mwa jimbo, mioto midogo ya kuni ndiyo luminaria, na mifuko ya karatasi yenye mshumaa ndani ni farolito. Ukiteremka Albuquerque, mifuko hiyo hiyo ndiyo huitwa luminaria, na ubishi huo haujapata hakimu.

Mfuko ni kazi nyepesi: kunja ukingo kwa nje ili mdomo ubaki wazi, tia mchanga wa kina cha sentimita 5, simamisha mshumaa mfupi katikati kabisa. Mchanga ukipungua, upepo unaangusha mfuko. Mshumaa ukiegemea upande, karatasi inashika moto. Luminaria ya kuni inataka mkono zaidi. Vipande vya piñon hupangwa viwili viwili kwa kupishana, kama kuta za kibanda, na katikati huachwa wazi ili hewa ipande. Kuni ziwe kavu kwelikweli. Mti uliokatwa mbichi huhitaji miezi sita au zaidi kukauka. Ukiharakishwa, majirani watakula Krismasi kwa macho mekundu.

Kuni hizo zinatoka wapi? Nyingi hutoka kwenye ardhi ya umma, na hapo ndipo ilipo siasa ya majira haya. Kabla ya 1848 vijiji vingi vya eneo hili viliishi kwa ruzuku za ardhi kutoka kwa mfalme wa Hispania na baadaye serikali ya Meksiko: kila familia na shamba lake kando ya maji, na milima ikiwa ya wote kwa malisho, mbao na kuni. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliahidi kuheshimu mali za watu. Mwaka 1897 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ardhi ile ya pamoja ilikuwa ya mtawala, si ya kijiji, hivyo imerithiwa na serikali mpya. Ruzuku ya San Joaquín del Río de Chama, iliyodai karibu ekari 473,000, ilithibitishiwa ekari 1,422 tu. Sehemu kubwa ya ardhi za namna hiyo leo ni misitu ya taifa.

Kwa hiyo Mlatino, mzawa wa vijiji hivyo vya Kihispania, wa kaskazini mwa New Mexico anapotetea ardhi ya umma, anatetea kitu alichonyang'anywa. Wanaoshangaa kwa nini hotuba zake hazitaji mandhari nzuri wala njia za matembezi wajue anazungumzia kuni, malisho na maji. Maji hayo hushuka kwenye asekia, mifereji ya jumuiya ambayo jina lake limetoka Kiarabu kupitia Hispania. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji na wajibu wa kuzibua mfereji kila masika. Msomaji wa Nizwa, Oman, ataiona falaji yake humo, na Mchaga ataona mfongo.

Ushindi mmoja unaeleza kazi hii vizuri. Tarehe 25 Machi 2013 Rais Obama alitangaza Rio Grande del Norte, karibu na Taos, kuwa mnara wa taifa, kiasi cha ekari 242,500, baada ya miswada kukwama bungeni kwa miaka. Neno mnara hapa lisiwapotoshe, ni eneo zima lililolindwa kwa sheria ya 1906. Ndani ya tangazo lenyewe imeandikwa kwamba hakuna kitu humo kinachozuia ukusanyaji wa jadi wa kuni na mbegu za piñon kwa matumizi ya nyumbani. Sentensi hiyo si ndogo. Inagusa kile ambacho watu wa ruzuku za ardhi wamekitetea siku zote.

Vita haijaisha. Juni 2025 pendekezo la kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma liliingizwa kwenye muswada wa bajeti bungeni, kisha likaondolewa mwishoni mwa mwezi huo huo baada ya upinzani mkali, wakiwemo wawindaji wa vyama vyote viwili, Republican na Democrat.

Ndugu mlioko Marekani, Idara ya Misitu, inayosimamia misitu ya taifa, inapotoa mpango kwa maoni, toeni yenu ndani ya muda uliotangazwa. Asiyeandika wakati huo kwa kawaida hupoteza haki ya kupinga uamuzi baadaye, na wengi huligundua hilo wakiwa wamechelewa. Barua elfu moja zinazofanana neno kwa neno hujibiwa kama hoja moja. Barua moja inayotaja bonde, barabara kwa namba yake, mwezi na athari hujibiwa peke yake. Namba ya simu na anwani msiziandike ndani ya hoja, kwa sababu maoni huwekwa hadharani.

Na kama mnataka mti wa Krismasi, kibali cha kukata hutolewa na misitu ya taifa, si hifadhi za taifa, ambako kukata ni kosa. Mtoto wa darasa la nne mwenye pasi ya Every Kid Outdoors, ya kuingia bure kwenye ardhi za umma, hupewa kibali bure. Chagueni mti uliosongamana na wenzake, maana kupunguza msongamano kunasaidia msitu. Kateni chini kabisa, msichukue kilele na kuacha shina, na fungeni lebo ya kibali kwenye mti kabla ya kuondoka. Pimeni dari kwanza, maana msituni kila mti huonekana mdogo. Nyumbani kateni tena kipande cha sentimita mbili chini ya shina kabla ya kuutia majini. Utomvu ukishaziba, mti haunywi.

Mwisho, moto. Januari 2022 Idara ya Misitu ilichoma marundo ya matawi huko Calf Canyon. Makaa yakalala chini ya theluji, yakaamka Aprili, yakaungana na moto wa Hermits Peak, nao ulikuwa umeponyoka kwenye uchomaji wa kupangwa, yaani moto unaowashwa makusudi kupunguza vitu vya kuungua msituni. Zaidi ya ekari 341,000 ziliungua, na mvua zilipokuja, majivu na matope yalifukia asekia. Kwa hiyo luminaria yenu msiifukie kwa udongo na kwenda kulala, maana udongo hutunza joto. Mwageni maji, koroga, mwageni tena, kisha sogezeni mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukihisi uvuguvugu, rudi kwenye ndoo.

Feliz Navidad kwa walio njiani usiku huu wa mwisho wa Posadas, na Heri ya Krismasi kwenu nyote.