Mashine ya kupura na mzee wa magunia

Aberdeen, Uskoti
22 Septemba

Mpendwa Neema,

Habari za Karatu? Nimefurahi kusikia mama ameanza kutembea mwenyewe hadi migombani. Mimi mzima, ila baridi imetuwahi mwaka huu.

Jumamosi nilikwenda shamba moja nje ya mji kuona mashine ya kupura nafaka ya zamani iliyofufuliwa. Usidhani ni kombaini, ile inayovuna na kupura kwa pamoja. Ni kasha la mbao lenye magurudumu, kubwa kama lori, kazi ya kiwanda cha Garvie cha hapahapa Aberdeen. Enzi zake lilikokotwa kwa injini ya mvuke, baadaye kwa trekta, shamba hadi shamba majira yote ya baridi. Waliolifufua wamebadilisha mbao zilizobunguliwa, wakashona mikanda upya.

Trekta ilisimama mbali kidogo, mkanda mrefu ukavishwa kwenye puli, na kasha zima likaanza kuvuma. Mtu juu ya lundo anarusha miganda, mwingine anakata kamba, wa tatu anailisha mashine. Ndani kuna silinda yenye fito za chuma, inazunguka karibu mara 1,000 kwa dakika na kuyasugua masuke hadi punje ziachie. Mabua yanarushwarushwa mpaka yatokee upande wa pili, feni inapeperusha makapi, chekeche zinachambua, nafaka inateremka guniani. Kupiga, kupeta na kuchekecha, Neema, vyote humo!

Mskoti Andrew Meikle ndiye aliyepata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya namna hii mwaka 1788. Lakini kupura kwa mkono ndiko kulikowalisha vibarua wakati wa baridi, na mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa Uingereza walizivunja mashine hizo. Watu 19 walinyongwa kwa ghasia zile, na karibu 500 wakapelekwa uhamishoni Australia. Siwezi kuwalaumu waliovunja.

Huku walizizoea. Mashine moja ilihitaji watu kumi na zaidi, kwa hiyo majirani waliifuata: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anawalisha wote. Kombaini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, mashine zikaachwa mabandani na ujirani ule wa kazi ukapungua.

Palikuwa na mzee mwenye mkongojo, umri wa babu yako. Mashine iliposhika kasi aliuegemeza mkongojo ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye magunia, akakinga kiganja chini ya mdomo unaotoa nafaka, akatazama punje, kisha akafunga gunia la kwanza. Hakuna aliyemwelekeza. Watu walikuwa pungufu, nikapewa reki nikavuta makapi, kazi aliyoanza nayo yeye akiwa mtoto. Vumbi lake sijawahi kuliona! Tulipopumzika nikamwomba anionyeshe picha za wenzake wa siku zile. Akasema hana hata moja.

Ndiyo maana nina ombi. Trekta ya kupukuchua mahindi ikipita kwenu msimu ujao, wapige picha wote walioizunguka: anayelisha, anayeshika gunia, hata watoto wanaookota magunzi. Nyuma ya kila picha andika majina. Na muulize baba zamu inapangwaje, inaanza kwa nani.

Mfikishie shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Rehema