Marehemu hakujinywesha

Mhariri,

Nimewasoma kimya kimya miaka mingi, lakini ile habari yenu kuhusu vyama vya udugu vya vyuo vya Marekani, vile vya wanafunzi wa kiume vinavyoapisha wanachama wapya, imenishinda. Mmeandika kwamba vijana hawa "hunywa kupita kiasi". Na aliyewamiminia mmemwacha wapi?

Timothy Piazza, miaka 19, alifia mikononi mwa chama cha Beta Theta Pi pale chuo kikuu cha Penn State, Februari 2017. Waendesha mashtaka walisema alipewa vinywaji 18 vya pombe ndani ya dakika 82. Akaanguka ngazini. Wenzake wakamvisha begi la vitabu mgongoni asije akalala chali akapaliwa na matapishi. Kwa hiyo hatari waliijua! Msaada uliitwa baada ya karibu saa 12. Begi walilifikiria, simu hawakuifikiria.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, hapahapa Ohio, alikabidhiwa chupa na "kaka mkubwa" wa chama chake, yaani mwanachama mkongwe aliyepangiwa kumwongoza, aimalize peke yake. Nikapigiwa simu saa tisa usiku. Nilimkuta sakafuni, midomo imegeuka bluu, anakoroma, anakaa kimya, anakoroma tena, na vijana watatu wamesimama wanacheka: mwache alale, asubuhi atakuwa mzima. Mimi nauguza wagonjwa usiku, nikawaambia hata chupa ikiisha, pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu. Huyo aliyelala ndiyo kwanza anazidi kulewa, na pumzi inapungua. Mmoja akaniuliza kama nimejaribu kahawa. Kahawa!

Na bili ya ambulensi ilifika kabla ya salamu yoyote kutoka chuoni. Watoto wetu wengi hawapigi 911, namba ya dharura, kwa kuhofia bili hiyo, polisi na viza, nanyi hamjaligusa hata kwa mstari mmoja.

Sheria zipo. Ohio tangu 2021 kumlazimisha mtu kunywa hadi akadhurika vibaya ni kosa kubwa la jinai, na Desemba 2024 Biden alitia saini sheria ya kuvitaka vyuo vitangaze visa hivi. Mimi napendekeza hivi: usiku wa kuapishwa, mama wa mwanachama mmoja aketi mlangoni na chupa ya chai, simu zote kwenye ungo mapajani mwake, na kila chupa inayoingia aionje kwanza mwenyekiti, mama akimtazama usoni. Ijumaa niko tayari kujitolea. Jumamosi nina zamu.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio