Baba, hizo nguvu unamwonyesha nani?

Mwanangu hujambo. Sisi huku Kibaigwa wazima, mahindi yameanza kuingia sokoni na vumbi la malori ndo hivyo tena.

Nimeona picha zako za status, dada yako kanifungulia. Jimu imekukubali, kifua kimetanuka kama mlango wa stoo, na sikatai, mwanaume kuwa na mwili ni vizuri tu, hata baba yako nilimpendea hilo (usimwambie). Ila pale chini ulipoandika mwanamke asipokuogopa hakuheshimu, nikajiuliza huyu kafundishwa na nani, maana kwangu hayo hajayaona.

Baba yako alikuwa kuli hapahapa sokoni, gunia la kilo 100 mgongoni, anapanda nalo ubao mpaka juu ya fuso. Lakini siku mzigo hakuna anaingia ndani anavua viatu anasema "mama nanihii, leo sijapata hata mia", basi. Habamizi mlango wala hatafuti chumvi kwenye mlenda ili apate pa kuanzia ugomvi. Nakopa unga dukani, tunakula, kesho anarudi sokoni. Mimi nguvu zake nilikuwa naziona hapo, gunia hata punda anabeba.

Sasa yule jirani wa nyuma, jina naliacha, mkewe akisikia tu pikipiki inazima nje uso unambadilika. Ada ya mtoto ikapungua akaogopa kusema, akachukua mkopo wa kausha damu kimyakimya, riba ikamzidi akakopa kwingine kulipa ule wa kwanza, mume hajui chochote mpaka siku walipokuja kubeba tv na makochi. Ndo anauliza kwa nini hukuniambia! Angemwambiaje? Akainua na mkono juu yake, ikabidi mjumbe aitwe. Na sheria ya ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi mume wala mke hana haki ya kumchapa mwenzie, halafu watu wanajifanya haya mambo yamekuja juzi na dawati la jinsia la polisi, wakati mimi hata sijazaliwa yalishaandikwa.

Lingine, na dada yako usimgombeze. Nasikia kazi ya saiti kule Mtumba iliisha na binti wa watu hajui, kila asubuhi unatoka na begi kama unaenda kazini. Vyuma unanyanyua baba, neno hilo moja limekushinda?

Mjomba wako anataka barua ya posa iende mwezi wa saba, mshenga keshapatikana. Nimemwambia asubiri. Kaongee na binti kwanza, kwa mdomo wako sio kwa meseji, akisema yupo na wewe unipigie mjomba aendelee. Akikataa pia nipigie.

Unga wa uwele nimempa konda, kauchukue stendi ya Nanenane kesho jioni, na ndoo yangu irudi.