Wapagazi wa Kariakoo wakumbukwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu tofauti yetu na Kenya katika kuwakumbuka wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwenye mnara wa Nairobi, mpagazi amesimama pamoja na askari. Juu ya mnara wetu wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927, yupo askari peke yake na bunduki yake.

Inasikitisha, kwa kuwa jina la Kariakoo tunalolitamka kila siku lilitokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, na wengi wa wapagazi hao waliuawa na maradhi, si risasi. Naiomba Halmashauri ya Jiji iweke sokoni kibao kinachoeleza asili ya jina hilo, nao watajwe kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam