Kasha jipya lisiuzwe kama la kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka ya vitu vya kale hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, pamoja na watembeza wageni na mapapasi wanaowapelekea wateja. Mimi ni fundi wa makasha ya njumu, yaani yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba. Siku hizi natengeneza zaidi vibweta, yale masanduku madogo ambayo mgeni huyatia katika begi la mkononi, kwani kasha kubwa la kuwekea nguo kulipandisha ndege ni gharama nyingine.

Msimu huu nimekikuta kibweta changu katika duka moja. Kimepakwa dawa nyeusi ya viatu, shaba yake imezimwa kwa maji ya chumvi, na muuzaji anamweleza mgeni kuwa kimetoka Surat, India, na kina zaidi ya miaka 100. Mbao zile ni za mfenesi, nilizipiga randa mwenyewe. Bawaba nilizifunga kwa skrubu za dukani. Mgeni alilipa, akashukuru, akaondoka. Jambo hili limeniuma, na najua mafundi wenzangu nao wameumia.

Makasha ya kale yapo na yana heshima yake. Yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, mengi yakiwa ya msaji, yaani mtiki. La Surat utalijua kwa wingi wa mabamba ya shaba na safu za misumari. Nahodha akiweka humo fedha na hati zake, bibi harusi akiweka nguo, udi na dhahabu. Ukilifungua, pembeni kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, na baadhi yana chemba ya siri ambayo asiyeonyeshwa haioni. Chini zipo saraka, yaani droo, aghalabu tatu. Mafundi wa visiwani waliyatazama, wakayafungua, wakajua yalivyoungwa, kisha wakatengeneza yao kwa miti ya huku. Kazi tunayoifanya leo imetoka huko. Basi kwa nini ionewe aibu hata ibandikwe umri usio wake?

Anayedanganywa si mgeni peke yake. Fundi analipwa bei ya kitu kipya, dukani kinauzwa kwa bei ya kitu cha kale, na jina la aliyekitengeneza linafutwa kwa makusudi. Kibaya zaidi ni kwa vijana. Nimeona mwanagenzi anafundishwa kuzeesha sanduku kabla hajajua kukausha ubao!

Na kukausha ndiko kwenye kazi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ubao haujakauka, unafanyiwa haraka ili uwahi wageni wa Julai na Agosti. Ukifika Ulaya, ukiwekwa chumba chenye moto wa kupasha joto wakati wa baridi, unasinyaa, kifuniko kinapinda, ubao unapasuka na misumari inalegea. Mbao zinataka kupangwa kivulini, zitenganishwe kwa vijiti ili upepo upite, ziachwe miezi. Wadudu nao watazamwe. Ukiona vitundu na unga mwembamba chini ya sanduku, humo mna dumuzi, na wakaguzi wa Australia na New Zealand hawalipitishi hivi hivi. Mteja aliyeuziwa jipya kama la kale akipoteza sanduku lake uwanja wa ndege, hana wa kumlalamikia, maana ameambiwa mwenye kulitengeneza alikufa zamani.

Ombi langu ni hili. Kila sanduku jipya lichomwe alama chini kwa chuma cha moto: jina la fundi, jina la mti na mwaka. Isiwe karatasi, kwa sababu karatasi hubanduliwa. Kamisheni ya Utalii Zanzibar ingefaa iwaelekeze watembeza wageni wamwonyeshe mteja alama hiyo kabla hajatoa fedha. Na mgeni akiuliza kitu kina umri gani, ajibiwe kweli. Aambiwe kuwa ubao wa mfenesi huanza na umanjano, kisha hukolea na kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita, na kwamba sanduku hili litazeekea nyumbani kwake. Nimewaambia hivyo wageni wanaofika karakanani kwangu na wamenunua, tena bila kuvutana sana kwenye bei.

Kuna wenye maduka watakaosema alama itawafukuza wateja wa vitu vya kale. Mwenye kitu cha kale kweli hana hofu na alama yangu, chake hakina.

Vibweta vyangu vya msimu ujao vyote vitatoka na alama. Duka litakaloikwangua, sitalipelekea mzigo tena.

Fundi wa makasha,
Mji Mkongwe, Zanzibar