Malalamiko: giaboksi ambayo sampo yake haikufunguliwa

Mbagala, Dar es Salaam
20 Mei 2024

Meneja wa Huduma

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA HUDUMA YA GIABOKSI YA PIKAPU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 27 Aprili nililipa kwenu Sh 684,000, risiti ya EFD ninayo: lita 12 za oili ya giaboksi aina ya WS kwa Sh 32,000 kila lita, filta na gasketi ya sampo (karai la oili lililofungwa chini ya giaboksi) Sh 140,000, ufundi Sh 160,000. Wiki mbili baadaye gari likanigomea katikati ya mlima Kitonga. Kwa niliyoyaona nilipolala chini yake, sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanyika.

Mimi si mgeni wa spana. Hilux yangu ya zamani nilikuwa naibadilisha oili ya giaboksi mwenyewe pale uani: jeki, stendi mbili, beseni, jioni moja. Ilikuwa na kijiti cha kupimia, unachomoa unaona. Hii ya 2013, otomatiki ya gia tano, kijiti haina. Kipimo chake ni boliti ndogo chini ya sampo, inayofunguliwa injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 36 na 46 za Selsiasi. Ikichuruzika kidogo kidogo, imetosha. Ikiwa ya moto zaidi inakuwa imevimba, inakudanganya kwamba imejaa. Mashine ya kusoma joto hilo sikuwa nayo. Ninyi mnayo, kijana wenu wa kaunta alinionyesha (kwa adabu sana, huyo sina neno naye), na ndiyo sababu pekee iliyonifanya nilipie ufundi ambao ningejifanyia bure.

Sasa Kitonga. Nimebeba mabomba ya maji, nimepita Ruaha Mbuyuni salama, mlima umeanza. Kona ya pili injini ikapanda mizunguko, inalia, gari halivuti. Nyuma yangu malori. Utingo mmoja akashuka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi: "Kaka, usiachie breki!" Nikapumzisha gari nusu saa, nikapanda kwa kunyatia hadi Iringa.

Asubuhi, gari likiwa baridi, fundi mmoja wa Iringa akaliwasha, akapitisha gia zote, akasubiri mashine yake isome nyuzi 40, akafungua ile boliti. Halikutoka hata tone. Aliongeza lita moja na ushee ndipo oili ikaanza kuchuruzika. Oili ikipungua kiasi hicho, mlimani pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Nani alipima kwenu, na kwa joto gani?

Lakini jambo lililonifanya niandike ni jingine. Niliponunua gari hili nilichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kichwa cha kila boliti ya sampo hadi kwenye sampo yenyewe, nijue kama barabara za vumbi zinazilegeza. Nimezimulika zote kwa tochi. Ukiacha boliti ya kipimo iliyofunguliwa Iringa, uliokatika ni mstari wa boliti ya kumwagia oili tu. Boliti za sampo mistari yake ni mizima, na vumbi lake juu. Filta iko ndani ya sampo. Mliibadilishaje?

Na ukifungua boliti ya kumwagia peke yake zinatoka lita tatu hivi. Nyingine zinabaki kwenye torki konveta, kile kiungo cha injini na giaboksi, na kwenye mabomba ya kupozea. Lita 12 ziliingilia wapi?

Nilipopiga simu tarehe 14 nilijibiwa kuwa "gari lenyewe la zamani, otomatiki ndivyo zilivyo." Gari hilo lilipanda Kitonga hiyo hiyo mwezi Machi na mzigo mzito kuliko huu.

Naomba yafuatayo. Nawahesabia lita tatu, Sh 96,000, ingawa moja na ushee nimeinunua Iringa. Zinabaki Sh 588,000. Ongezeni Sh 105,000 nilizomlipa fundi wa Iringa pamoja na oili, jumla Sh 693,000. Ndiyo, inazidi mliyonitoza. Pia sampo ifunguliwe kwenye shimo lenu mimi nikiwepo, tuone kama kuna unga wa klachi kwenye sumaku iliyo ndani yake, na ukiwepo tuzungumze matengenezo kwa maandishi.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita, nakala ya barua hii, risiti na picha nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Fundi wa Iringa alitaka kuifungua sampo pale pale, nikamkatalia. Mistari bado ipo. Aliyesaini kadi ya kazi aje na tochi.

Mteja wenu,
mwenye Hilux nyeupe ya tarehe 27 Aprili