Kwa mwanangu anayerudi Lubumbashi katika joto la Oktoba

Lubumbashi, katikati ya Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia, nayo imetufurahisha sote hapa nyumbani, hasa mama yako, ambaye amekwisha kuwasomea majirani sehemu zote zinazohusu kuhitimu kwako. Nimeusoma pia mpango wa juma lako la kwanza: kushuka kwenye ndege Jumamosi, kukimbia kilomita 15 Jumapili kwenye barabara ya Kasapa, kuanza kazi Jumatatu, kisha kucheza gofu pamoja nami mwisho wa juma. Kazi ni jambo jema na gofu naisubiri kwa hamu. Mbio hizo za Jumapili ndizo zilizonifanya nikae chini niandike, kwa kuwa sizikubali.

Tangu uende Liège, kule Ubelgiji, umekuwa ukija likizo mwezi wa Julai tu, wakati asubuhi za hapa zina baridi ya kumfanya mtu atafute koti, na nadhani mwili wako umeisahau Oktoba. Mji wetu uko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua likivuka ikweta mwezi wa Septemba na kuelekea kusini, katika siku za mwisho za Oktoba hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Litapita tena Februari wakati wa kurudi, lakini Februari tunakingwa na mawingu na mvua. Sasa hakuna wingu, udongo umekauka miezi mingi, moshi wa mioto ya porini umetanda, na mchana tunafika nyuzi 33 na zaidi. Mijakaranda imechanua njiani, nayo inapendeza sana, ila kivuli chake ni chepesi.

Kazini kwetu kwenye ujenzi tumebadilisha saa zote. Mafundi wanafika kunapopambazuka, tunafanya kazi ngumu hadi saa tano, na kuanzia saa sita hadi saa tisa hapandi mtu juu ya paa. Bati jipya saa saba mchana haligusiki kwa mkono mtupu, na nyundo iliyosahauliwa juani huokotwa kwa kitambaa. Mwenye nyumba tunayoijenga sasa alilalamika kwamba tunampotezea muda, nami nikamjibu kwamba saa hizo tatu tunamlipa jioni, na kwamba sitabadili neno hilo hata kama atatafuta fundi mwingine. Kuna sababu. Mwaka jana, mwezi kama huu, kijana mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi kwetu, mwenye nguvu na asiyependa kuonekana amechoka, alianza kujibu maneno yasiyolingana na maswali. Tulimwambia alete misumari, akaketi. Ngozi yake ilikuwa ya moto sana. Tulimlaza kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji ya pipa mwili mzima huku wengine wakimpepea kwa vipande vya katoni, na hatukungoja gari la kumpeleka hospitali ndipo tuanze. Alipona. Daktari alituambia kwamba joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40 na akili ikaanza kuvurugika, kupoza mwili papo hapo ndiko kunakookoa maisha, na safari ya hospitali inafuata baadaye.

Utaniambia kwamba wewe ni mkimbiaji, si mwanafunzi wa ujenzi, na kwamba umezoea kilomita 15. Umezizoea katika hewa ya nyuzi 12. Mwili unaokimbia hutengeneza joto jingi, na mahali pa baridi joto hilo linajiondokea lenyewe. Hapa jasho ndilo linalofanya kazi yote, nao moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Baada ya siku 7 hadi 14 za kujizoeza kidogo kidogo, mwili hujifunza: jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi na lenye chumvi kidogo, kiasi cha maji katika damu huongezeka, na mapigo ya moyo hushuka kwa mwendo uleule. Mazoea hayo huisha mtu akikaa majuma machache penye baridi, ndiyo maana kuzaliwa hapa kwetu Katanga hakutakusaidia Jumapili hiyo.

Kama ushuhuda wa baba hautoshi, kumbuka mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019. Marathoni ya wanawake ilianza karibu na saa sita ya usiku ili kukwepa jua, na bado joto lilizidi nyuzi 30 pamoja na unyevu mwingi. Walianza wakimbiaji 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 43, muda ambao yeye mwenyewe katika hali ya kawaida alikuwa akiupita mbali sana. Hao ni wanawake bora wa dunia nzima.

Basi ninakuomba ufanye hivi. Jumapili ulale, ule bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, za mama yako. Jumatatu tutatoka pamoja saa kumi na moja na nusu alfajiri, nusu saa tu, mwendo ambao unaweza kuzungumza nami bila kuhema, na tutaongeza kila siku kidogo. Hewa ya sasa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hatoki jasho mpaka aone mistari myeupe ya chumvi kwenye kofia yake. Unywe kabla ya kiu kukubana, lakini usijaze tumbo maji matupu kwa saa nyingi bila chumvi wala chakula, kwa sababu kuna wakimbiaji walioanguka kwa damu kupungukiwa na chumvi, si kwa kukosa maji. Mama yako atakuwa na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tayari.

Kuhusu gofu, utafurahi. Kiwanja kimekauka, ardhi ni ngumu, na mpira ukitua unaendelea kubingirika hadi pale ambapo Julai haukufika. Hewa ya hapa kwetu, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi, hivyo mpira hukutana na kizuizi kidogo angani. Chukua fimbo fupi kuliko ile ambayo ungeichagua Ubelgiji, la sivyo utakuwa unautafuta mpira wako vichakani kila mara. Tutaanza alfajiri na kumaliza mashimo 18 kabla ya saa nne na nusu. Mwendo wa kutembea humo hufika kilomita 8 au zaidi, kwa hiyo siku hiyo hutakimbia. Kijana atakayekubebea mfuko umpe maji kama unavyojipa wewe, tena umwulize kama amekula, maana yeye anatembea mwendo uleule na mzigo begani.

Mvua za kwanza zinaweza kutukuta mwishoni mwa mwezi, nazo hapa huja na radi. Ukisikia ngurumo tuko kiwanjani, tunaacha mchezo mara moja na kuingia ndani ya nyumba, hata kama umebakiza shimo moja na unaongoza. Chini ya mti hatukai.

Leta kofia yenye ukingo mpana na mashati mepesi ya mikono mirefu. Viatu vya kukimbilia ulivyoniahidi ni namba 43. Niandikie mapema saa ya kufika kwa ndege, kwa kuwa yaya wako, ndugu yako mkubwa, ndiye atakayeendesha gari na anataka kuomba ruhusa kazini.

Baba yako akupendaye